Kwa nini vitwitwi wa Igombe hula pamoja na kukimbia mbalimbali

Kozi alikuja chini chini juu ya maji ya bwawa la Igombe, karibu na Tabora, jua likiwa mgongoni mwake, na kabla hajafika ukingoni tope lilikuwa limeshabaki tupu.

Nukta chache kabla ya hapo, kwenye kipande cha mita 10 kwa 20 hivi, walikuwapo ndege wa aina tano wakila. Vitwitwi wadogo kabisa (Calidris minuta) walikuwa wakidonoa pale maji yanapoishia, vichwa chini. Chamchanga wa madoadoa (Tringa glareola) walikuwa hatua moja ndani ya maji. Wale wenye miguu mirefu myekundu (Himantopus himantopus) walikuwa mbele zaidi, nusu ya miguu imezama. Nyuma, kwenye tope lililoanza kushika, kitwitwi mwenye mkufu mweusi shingoni (Charadrius hiaticula) alikuwa akikimbia, anasimama, anadonoa, anakimbia tena. Na juu ya rundo la samadi alisimama yule mwenyeji mweusi, mweupe na kijivu (Vanellus armatus), ambaye mlio wake ni kama nyundo ndogo inayogonga chuma.

Huyo ndiye aliyelia kwanza.

Angani mchanganyiko ule ulivunjika. Vitwitwi wadogo walijibana wakawa kundi moja, likigeuka mara jeupe, mara la kahawia. Chamchanga walipanda juu wakipiga kelele, kila mmoja na njia yake. Wenye miguu mirefu walielekea katikati ya bwawa. Kozi akapita mikono mitupu, kama tunaweza kusema hivyo kwa ndege. Baada ya dakika chache wote walikuwa wamesharudi kwenye tope lile lile, wamechangamana vilevile.

Hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa.

Kama kuchangamana kuna faida, mbona kunavunjika wakati wa hatari yenyewe? Na kama hakuna faida, mbona wanarudiana?

Tuanze na tope

Bwawa halina maji kupwa na maji kujaa. Kule Bagamoyo au Dar es Salaam bahari hufunua tope na kulifunika mara mbili kwa siku, na maji yakijaa ndege wote husukumwa kwenye kipande kidogo cha mchanga wapende wasipende. Igombe hakuna anayewasukuma. Kupwa kwetu huanza mvua zinapokatika Mei na kuendelea hadi zinaporudi Novemba.

Lakini tope linalofaa ni jembamba kuliko linavyoonekana. Chukua ukingo unaoteremka mita 1 katika kila mita 200. Maji yakishuka sentimita 1, mita 2 za tope jipya zinatoka nje. Leo ni laini. Jua la Oktoba likilipiga siku chache linafanya ganda, kisha linapasuka, na mdomo wa ndege mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hauingii tena. Kwa hiyo upande wa nchi kavu mpaka ni ugumu. Upande wa maji mpaka ni urefu wa mguu: kitwitwi mdogo anaweza kusimama kwenye maji ya sentimita 2 hivi, yaani kwa mteremko huo mita 4 tu kutoka ukingoni. Mwenye miguu mirefu akifika sentimita 15 ana mita 30 za kutembea.

Kila aina ina utepe wake, na tepe zote zinakutana kwenye ukingo mmoja. Mpaka hapo hakuna aliyemwalika mwenzake.

Ningeishia hapo kama wangekuwa wametawanyika sawasawa ukingo mzima. Hawako hivyo. Wanajaa pale ng'ombe wanaposhukia kunywa na pale kijito kinapoingilia, na sababu yake iko chini ya miguu yao: mabuu mekundu ya usubi wasiouma. Wekundu ule ni hemoglobini, ya jamii ya ile iliyo kwenye damu yetu, na ndiyo inayowawezesha mabuu hao kuishi kwenye tope lenye samadi nyingi na oksijeni kidogo ambalo wadudu wengine hulikimbia. Kwato nazo huacha mashimo yanayoshika maji siku mbili tatu zaidi baada ya ukingo kusogea. Kwa kitwitwi, njia ya ng'ombe ni shamba lililolimwa na kumwagiliwa.

Hata hivyo, tembea uone. Kuna njia za ng'ombe mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja imejaa ndege na nyingine haina hata mmoja. Chakula peke yake hakielezi hilo.

Midomo inaeleza amani tu

Jibu ambalo utalipata haraka ukiuliza ni midomo. Mwenye mkufu ana mdomo wa milimita 14 hivi, kitwitwi mdogo 18, chamchanga wa madoadoa 28, chamchanga mkubwa wa miguu ya kijani (Tringa nebularia) 55, mwenye miguu mirefu zaidi ya 60. Kila mmoja anafika kina chake, basi hawagombani.

Ni kweli, na kuna zaidi ya urefu. Mwenye mkufu anawinda kwa macho: macho yake ni makubwa kuliko kichwa kinavyostahili, na ule mtindo wa kukimbia na kusimama unampa muda wa kuona kitu kinachotikisika. Vitwitwi wa jamii ya Calidris wanatumia pia mguso. Ncha ya mdomo wao ina vishimo vidogo ndani ya mfupa vilivyojaa vipokezi vya fahamu. Mwaka 1998 mtafiti Theunis Piersma na wenzake walionyesha kwamba ndugu yao mkubwa, Calidris canutus, anaweza kutambua kombe lililofukiwa kwenye mchanga wenye maji bila kuligusa, kwa kuhisi namna mgandamizo wa maji unavyobadilika anapochomeka mdomo. (Huyo ni ndege wa pwani, usimtafute Tabora.)

Tatizo langu na jibu la midomo ni kwamba linajibu swali lingine. Linaeleza kwa nini wanaweza kukaa pamoja bila kupigana. Halielezi kwa nini wako pamoja. Tena kwenye tope la Igombe tofauti hizo zinapungua, kwa sababu mabuu mengi yako kwenye sentimita chache za juu, ambako karibu wote wanafika. Mwenye mdomo wa milimita 55 hapati chochote kwa kuwa nao mrefu, kama chakula kimelala kwenye milimita 20.

Kibirizi hawafanyi hivyo

Shuka Kigoma, utembee ufukoni Kibirizi asubuhi kabla dagaa hawajaanikwa. Utamkuta chamchanga wa kawaida (Actitis hypoleucos), mkia unapanda na kushuka, yuko peke yake. Mbele kidogo yupo mwingine, naye peke yake. Wakikaribiana, mmoja anamfukuza mwenzake.

Ndege ni wa jamii hiyohiyo, wametoka kaskazini hukohuko, lakini hakuna kundi. Ziwa Tanganyika hapo lina mchanga na mawe, kina cha maji kinaongezeka haraka, chakula ni kidogo na kimepangika kwenye mstari. Mstari mfupi unalindika.

J. P. Myers na wenzake waliliona jambo hili kwa karibu kwenye ghuba ya Bodega, California, kwa kitwitwi mwingine, Calidris alba. Baadhi ya ndege walilinda vipande vya ufuko, wengine wakatembea kwa makundi. Ulinzi ulikuwapo pale chakula kilipokuwa cha wastani: kikiwa haba, hakistahili vita, kikiwa tele, wavamizi ni wengi mno kufukuzwa. Na kozi mdogo alipoweka makazi eneo hilo, wenye vipande waliviacha wakaingia kwenye makundi.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba tope linawaleta, lakini linalowabakiza ni kitu kingine.

Macho ya jirani

Ndege aliyeinamisha kichwa kwenye tope haoni mbali. Inabidi akiinue, na kila akikiinua hali.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme ndege mmoja anainua kichwa asilimia 10 ya muda wake. Akiwa peke yake, adui akitokea ghafla ana nafasi 10 katika 100 ya kuonwa papo hapo. Wakiwa ndege 20, kila mmoja akitazama kwa wakati wake, nafasi ya kwamba angalau mmoja ameinua kichwa ni 88 katika 100. Sasa wote wapunguze kutazama hadi asilimia 5 ili wale zaidi: bado ni 64. Kila mmoja amepunguza kazi kwa nusu, na usalama wake ni mara sita ya ule wa kukaa peke yake.

Hesabu hiyo haijali aina ya ndege. Na hapo ndipo mchanganyiko unapopata maana. Kama ukingoni kuna vitwitwi wadogo wanane tu, kundi la ishirini halipatikani bila majirani wa ukoo mwingine.

Lakini majirani hawalingani. Neil Metcalfe, aliyewafuatilia ndege wa ufukoni wa aina mbili, Arenaria interpres na Calidris maritima, kwenye fukwe za Scotland, alionyesha mwaka 1984 kwamba ndege hawamhesabu kila jirani kwa uzito mmoja. Nani yuko karibu, na ni wa aina gani, kunabadilisha muda anaotumia kutazama. Ukisimama Igombe unaona kwa nini ingekuwa hivyo. Mwenye miguu mirefu anaona juu ya migongo ya wote. Mwenye mkufu, kwa kuwa anawinda kwa macho, kichwa chake kiko juu muda mwingi hata bila kuogopa kitu. Chamchanga mkubwa wa miguu ya kijani hupiga milio yake mitatu mapema kuliko wengi. Na yule mwenyeji wa kwenye samadi yuko hapo mwaka mzima. Kila kinachopita anakipigia kelele.

Anayefaidika zaidi ni yule ambaye kula kwake kunamlazimu kuinamisha kichwa muda mrefu. Kitwitwi mdogo, kwa maneno mengine. Tena wale wachanga: kwa ndege hawa watu wazima huondoka kwanza kwenye mazalia ya kaskazini, watoto wakafuata baadaye bila wazazi. Kitwitwi mchanga anayefika Tabora amezaliwa Juni au Julai pembezoni mwa Bahari ya Aktiki, na hana mzee wa kumwonyesha tope lipi linafaa. Anachoweza kusoma ni ndege waliokwisha kutua. Hapo ndipo ninapopata maelezo ya zile njia mbili za ng'ombe: iliyo na ndege inapata ndege.

Mlinzi naye anakula

Jirani si wa bure. England, C. J. Barnard na D. B. A. Thompson waliwachunguza Vanellus vanellus (ndugu wa yule mwenyeji wetu) na ndege mwingine, Pluvialis apricaria, wakila nyungunyungu malishoni, huku shakwe wenye vichwa vyeusi wakiwa wamesimama katikati yao. Shakwe hao ni wezi. Wanasubiri nyungunyungu avutwe nje, kisha wanamnyang'anya aliyemvuta. Lakini wao pia ndio wanaogutuka mapema adui akija. Walioibiwa wanaonywa na mwizi wao.

Gharama ya pili haionekani kwa urahisi, nayo ni nyayo. Kwenye matope ya pwani za Uingereza kuna mdudu wa jamii ya kamba, Corophium, anayejitokeza mlangoni mwa shimo lake. Ndege akipita, anarudi ndani. Kwa anayewinda kwa macho, hapo pameharibika kwa muda. J. D. Goss-Custard, aliyetumia miaka mingi kwenye suala hili, aliona kuwa chamchanga wa aina ya Tringa totanus wakiwinda kwa macho mchana hutawanyika, na usiku wakila kwa mguso hukaribiana.

Angalia Igombe kwa macho hayo, utaona kundi lina umbo. Vitwitwi wadogo wanakula bega kwa bega. Mwenye mkufu hakai kati yao. Yuko pembeni mita kadhaa, kwenye tope ambalo halijakanyagwa, karibu kiasi cha kusikia na mbali kiasi cha kuwinda. Picha ya mbali inaonyesha mchanganyiko. Darubini inaonyesha tabaka.

Gharama ya tatu ni kengele za uongo. Yule wa kwenye samadi hupigia kelele ng'ombe, mbwa, mvuvi anayesukuma mtumbwi, na hata mwenzake. Kila kuruka ni nishati, na ndege anayejiandaa kuvuka Sahara mwezi Aprili hana mafuta ya kutupa.

Angani kila mmoja na wake

Sasa turudi kwa lile lililonisumbua, la kuvunjika.

Kozi anapoingia ndani ya kundi, tatizo lake ni kuchagua. Ndege mia wanaofanana na kugeuka pamoja humfanya ashindwe kumfuata mmoja hadi mwisho. Mmoja akiwa tofauti, kozi amepata pa kushikia macho. Laurie Landeau na John Terborgh walilipima hili mwaka 1986 kwa samaki: walitia baadhi ya vidagaa rangi ya buluu wakawachanganya na wa kawaida. Kwenye kundi la samaki wanane, mmoja au wawili wa buluu waliongeza sana mafanikio ya samaki mla wenzake, na hasara haikuwa ya wenye rangi peke yao. Wa kawaida nao waliliwa zaidi.

Ndege wafananao huruka pamoja, walisema wahenga. Kuhusu kuruka walisema kweli. Kuhusu kula hawakusema kitu.

Kwa hiyo hakuna mgongano kati ya tope na anga. Ni hatua mbili za jambo moja. Kabla adui hajaonekana, unataka macho mengi, tena ya aina mbalimbali: marefu, mafupi, ya mbele, ya nyuma. Adui akishafika, macho hayana kazi tena; unataka kufanana na aliye pembeni yako. Will Cresswell alipowafuatilia Tringa totanus wakiwindwa na kipanga huko Tyninghame, Scotland, alikuta kwamba ndege aliye kwenye kundi kubwa ana hatari ndogo ya kukamatwa kuliko aliye kwenye kundi dogo. Kundi la wafananao ndilo ngao. Mchanganyiko ulikuwa king'ora.

Pabaya ni pale katikati, katika ile nukta ya kuhama kutoka hatua moja hadi nyingine. Na mwenye hali mbaya zaidi ni yule ambaye wenzake wa aina yake hawapo. Mwenye mkufu mmoja kati ya vitwitwi hamsini ana mawili: aondoke mapema kabla ya wote, au ajilaze kwenye tope kavu na kuiachia rangi ya mgongo wake kazi. Akichelewa akaruka ndani ya mpira wa vitwitwi, yeye ndiye samaki wa buluu.

Ukitaka kuhesabu mwenyewe

Darubini ya 8x42 inatosha hadi mita 60 hivi. Fika alfajiri, jua likiwa nyuma yako, kabla upepo haujatikisa maji. Kaa chini. Ukiona vichwa vimeinuka na havishuki, umekaribia mno: rudi nyuma usubiri hadi wale tena, vinginevyo utakachohesabu ni woga wa kukuogopa wewe.

Chagua ndege mmoja, mfuate dakika moja, uhesabu mara anazoinua kichwa juu ya mgongo. Kisha andika majirani walio ndani ya mita 2, na aina zao. Mita usizikisie; kitwitwi mdogo ana urefu wa sentimita 13 hivi toka mdomo hadi mkia, kwa hiyo mita 2 ni vitwitwi kumi na tano waliolala mstari. Usimchague yule aliyekuvutia macho, maana aliyekuvutia ni aliyekuwa akifanya kitu cha ajabu. Mchukue wa tatu kutoka kushoto, kila mara.

Kwa chakula, kata kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha sentimita 10, kisukume sentimita 5 ndani ya tope, toa, osha kwenye chujio. Chandarua wengi wanakijaribu na kinawaangusha: matundu yake yanapitisha mabuu madogo, ambayo ndiyo chakula chenyewe. Chujio la chai lenye waya wa karibu linafaa zaidi. Chukua sampuli walipokula na hatua ishirini pembeni ambako hawakula, la sivyo hujalinganisha chochote. Vaa mabuti marefu. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho.

Mvua zikianza

Novemba na Desemba maji yanapanda, utepe unafunikwa, na sehemu ya ndege hawa huhamia kwenye majaruba ya mpunga. Huko kuna kitu ambacho bwawa halina: tuta. Kitwitwi mdogo akiwa ndani ya jaruba haoni upande wa pili. Metcalfe aliona huko Scotland kwamba ndege wanaokula katikati ya mawe yanayowaziba huinua vichwa zaidi kuliko walio mahali peupe, na tuta la sentimita 30 kwa kitwitwi ni jiwe tosha.

Kama hoja ya macho ya jirani ni sahihi, basi kwenye jaruba lenye mwenyeji mweusi na mweupe amesimama juu ya tuta, vitwitwi wanapaswa kuinua vichwa mara chache kuliko kwenye jaruba la jirani lisilo naye, hata kama tope ni lilelile na idadi yao ni ileile. Majaruba yako pembeni mwa barabara, wenye mashamba hawana neno ukiwaomba na usipokanyaga miche, na hesabu ya dakika moja moja inafanyika hata kutoka juu ya baiskeli iliyosimamishwa.